Siku Niliyomkatalia Mama Shirima

Mwanangu, keti kidogo, chai bado ya moto. Nikikuona unavyoitikia "ndiyo bosi" kwenye simu huku umekunja uso, nakumbuka siku moja nikiwa msichana mgeni wa kazi, kwenye karakana ya Mama Shirima pale Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi.

Mama Shirima alikuwa mfanyabiashara wa Kichaga, mkarimu kupindukia lakini subira hana hata chembe. Aliagiza kupitia bandarini mashine iliyokwisha kutumika, ya kutengenezea visahani vya kauri ambavyo masonara huyeyushia dhahabu. Unga mweupe unatiwa ndani ya kalibu nyeusi, unabanwa juu na chini, hewa inanyonywa, kisha umeme unapitishwa humo kwa mapigo. Joto lake linatisha! Kwa dakika chache tu chembe za unga zinashikana bila kuyeyuka, zinakuwa ngumu kuliko jiwe. Shughuli ni baada ya hapo: kusubiri. Ukiifungua mashine ingali na moto, kisahani kinapasuka.

Hilo tulilijua, mimi na fundi Sefu wa Magomeni. Lakini mama akisema "Fungua!" Sefu alifungua, maana mkubwa kasema. Visahani viwili vikapasuka, na sisi kimya, macho chini, tukidhani hiyo ndiyo adabu. Mama akaamini mashine ni mbovu. Akatuambia wazi kwamba unga uliobaki ni wa kisahani kimoja tu, nacho kikipasuka, mashine anaiuza chuma chakavu, nasi tutafute kazi kwingine.

Siku ya kisahani hicho, Mzee Kassim, sonara wa jirani, alikuja kukisubiri mwenyewe. Umeme ulipozimwa, mama hakuweza kutulia.

"Haya binti, fungua, mzee wa watu anasubiri!"

Nikasimama mbele ya mlango wa mashine, nikapiga goti kidogo kama nilivyofunzwa nyumbani.

"Naomba radhi mama, sifungui. Vile viwili vilipasuka kwa sababu tulifungua mapema. Tungoje ipoe."

"Unanikatalia mimi? Kwenye karakana yangu?"

"Nakukatalia mama, kwa sababu sitaki uipoteze mashine yako."

Sefu akageukia ukutani, eti anasoma kalenda. Mama akatoka na hasira zake, tukamsikia nje akiwagombeza wauza mitumba wasio na hatia. Mzee Kassim akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mama aliporudi alikuwa na chapati za kutosha mtaa mzima, akatukabidhi. Tukala, tukasubiri.

Mashine ilipopoa, nikafungua. Kisahani kilitoka cheusi kwa masizi ya kalibu, lakini kizima. Mzee Kassim akakigonga kwa ukucha, kikalia vizuri, na Sefu akapiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. Nilifurahi mno! Mama alikishika kwa muda, machozi yakimlengalenga, kisha akatugeukia.

"Kumbe mlijua siku zote," akasema. "Mbona mliniacha?"

Nikapiga goti tena, mwanangu, nikamwomba radhi.

Basi nakuusia: kumnyamazia mkubwa anayekosea si kumheshimu, ni kumtupa. Mwambie, tena mapema, kwa sauti ya chini na goti lililopigwa. Akikasirika, mwache akasirike, atarudi. Mungu akupe ulimi mtamu na moyo usiotetemeka, akujaalie wakubwa wanaosikia. Na ukizeeka, mwanangu, nawe usikie.