Mi Mwenyewe Nilimuita Binti Yangu Mupangaji

Ninyi wa hii page, jina langu mulifukie chini kabisa, maana watoto wangu wote wanawasoma, na huyu mukubwa anaweka kidole gumba kwa kila kitu hata matangazo ya kilio. Mi ni muzee wa miaka sabini na moja, naishi hapa Kajaga, kando ya ziwa. Shule niliishia darasa la nne, sababu mwalimu hakupenda utani na mi sikumupenda mwalimu. Muke wangu alikwisha kufariki. Naandika na kidole kimoja, tena nimesimama, sababu tangu wiki iliyopita makalio yangu yamekataa kiti. Nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka shamba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Hili shamba nililipata zamani, wakati bado napanga nyumba kule Ngagara. Watu walinicheka, walisema huku wanapita viboko tu. Nikawaambia kiboko ni jirani muzuri, haombi chumvi. Nina watoto watatu, wavulana wawili na binti mumoja. Binti nitamuita Mama Keza, si jina lake. Aliolewa, bwana akafa, wakwe wakamurudisha kwangu na mutoto na godoro. Basi nikamupa igiseke, vile baba anafanya kwetu: kipande cha shamba binti alime, ale, asiombe mutu. Igiseke haina karatasi, ni neno la baba mbele ya kaka zake, na pombe ya ndizi katikati. Kaka zake walikunywa, wakapiga makofi, mukubwa hata akaimba. Miaka kumi na moja sasa Mama Keza ako pale nyuma katika nyumba yake ya udongo.

Lakini Kajaga imekuwa muji. Serikali imeleta mupango mupya: mashamba yanakatwa parseli, yaani viwanja vya kujenga, kila parseli iguse barabara, iwe na upana unaotakiwa, la sivyo hupewi karatasi na hujengi. Mupimaji akaja na kile chombo chake cha miguu mitatu. Nikamuuliza, "Bibi harusi ako wapi, tupige picha?" Kijana wa watu akacheka, basi mi nikaona nimepata mwenzangu. Akapima, akaandika, kisha akanyoosha kalamu kule nyuma.

"Muzee, na ile nyumba ni ya nani?"

Mama Keza alikuwa anaanika nguo, ananisikia. Mi ulimi ukaniwasha. Nikasema, "Ah, yule ni mupangaji wangu! Ananilipa samaki ndagala, na kila siku ananichelewesha!"

Mama Keza akanirushia kibano cha nguo, tukacheka wote. Mupimaji naye akacheka, huku anaandika. Mwisho akanipa karatasi, ya Kifaransa yote, nitie sahihi. Mi nikatia, tena kwa mapambo, mukia murefu kwenye herufi ya mwisho. Sikusoma. Nisome nini?

Siku tatu baadaye wavulana wakaja pamoja, jambo wanalofanya siku ya kilio tu. Mukubwa akafungua ile karatasi ya mupimaji, kopi waliyoichukua ofisini.

"Papa, shamba letu linatoa parseli mbili, moja yangu, moja ya huyu. Haliwezi kutoa tatu, upana hautoshi."

"Na Mama Keza?"

Akaangalia mudogo wake. "Papa, hapa imeandikwa ni mupangaji. Na sahihi ni yako."

"We mujinga, ule ulikuwa muzaha!"

"Sheria haijui muzaha, Papa. Tutamupa muda atafute nyumba. Hatumufukuzi kama mbwa."

Yule mudogo, ambaye dada yake alimubeba mugongoni alipokuwa mutoto, akasema polepole, "Na igiseke si parseli, Papa. Wewe unajua." Nikamuambia achukue mudomo wake aende nao. Akaenda nao. Ila karatasi ilibaki mezani.

Asubuhi yake nilikwenda muji, kwa ofisi ya mashamba. Mama mumoja wa pale, mupole, akanielezea. "Muzee, unaweza kupinga mpaka Ijumaa. Lakini ukipinga dosye nzima, hilo faili lenu lote, inalala, munaanza upya."

"Tukianza upya, mutaandika tatu?"

"Apana, Muzee. Zitakuwa mbili tu. Ama muache shamba liwe moja kwa jina la wote, na hakuna mutu anajenga bila wengine kukubali."

Nikamuuliza kama ameolewa. Hakucheka. Ndio mara ya kwanza niliogopa.

Sasa ona. Nikinyamaza, binti yangu anatoka. Nikipinga, lazima nichague kijana wa kumunyima, na mukubwa amekwisha kumwaga mawe ya musingi. Nikiacha liwe moja, watagombana mpaka siku ya kunizika, na mi sitakuwa na sauti ya kuwatukana. Kibaya zaidi, Mama Keza hajui kitu. Anafikiri mupango umekuja na baraka. Ameagiza matofali ya kuchoma, anasema sasa anabomoa udongo, anajenga nyumba ya kweli.

Jana aliniita nyuma. Alikuwa amechora nyumba kwenye vumbi na kijiti: chumba, chumba, jiko. Akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Papa, mulango tuutazamishe wapi? Kwa ziwa, ama kwa nyumba yako nikuone ukianguka na pombe?"

Mi nikamuambia naenda kukojoa. Nikakaa huko muda murefu.

Leo ni Jumatano. Municheke, ruhusa mumepata, lakini mukimaliza kucheka munishauri. Nifanye nini mi muzee, na huyu binti yangu nimujibu mulango utazame wapi?