Mama Agape na Maji ya Alfajiri

Jirani yangu Klementina, ambaye mtaa wetu wote hapa Kasingirima, Ujiji, unamwita Mama Agape, alikuwa na presha na usingizi ulimkimbia. Vidonge vya zahanati vilimchosha tu. Kilichomsaidia kilikuwa ziwa. Alfajiri aliteremka na kitenge chake, akaingia majini mpaka shingoni, akatulia humo akisikiliza mawimbi hadi moyo uache kumwenda mbio. Siku aliyoingia, alilala usingizi wa kueleweka. Siku aliyokosa, aligombana hata na kuku.

Sharti alilirithi kwa mama yake, Mbembe wa Kongo aliyevuka ziwa akiwa binti: tangu utoke mlangoni hadi urudi, husemi na mtu. Ukifungua mdomo njiani, umerudi na shida zako zote. Sisi wanawake wa mtaa tulilijua hilo, tukawa tunampisha bila hata salamu.

Ndipo vita vya Zaire vikaanza kutumwagia watu. Boti zilishusha wakimbizi kutwa kucha, na sehemu yetu ya kuogea akina mama ikajaa mahema, kamba na vijana wa msaada wenye fulana nyeupe, wageni watupu. Nasema wazi, wakimbizi sikuwachukia. Wengine ni ndugu zetu wa damu. Walionikera ni hao vijana, maana walijua kila kitu isipokuwa nani anaishi hapa.

Asubuhi moja wakamkuta Mama Agape anatoka majini, ametota, anatetemeka. Wakamuuliza jina, ametoka wapi, amekuja na boti gani. Kimya. Akanyoosha kidole kuelekea mlimani, kwake. Bahati mbaya malori ya kupeleka wakimbizi kambini nayo yaliegeshwa huko huko juu. Wakasema masikini, vita vimemfunga ulimi, wakamfunika blanketi na kumpandisha lorini. Mwenyewe alidhani wanamsogeza nyumbani. Lori lilipopita njia ya kwake bila kusimama, sharti akalitupa, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini dereva hakusikia.

Waliposhushwa kambini Kidahwe, aliongea sana, tena kwa hasira, na hasira ikizidi Kiswahili chake kinageuka cha ng'ambo ya ziwa kabisa, cha mama yake. Karani akamsikiliza kwa upole uliomuudhi kuliko matusi. "Mama, usiogope," akamwambia. "Wote wanaofika hapa wanasema ni wa Ujiji."

Nikisimulia hapo damu inanichemka hadi leo. Mwanamke aliyezaliwa Ujiji, aliyezika mume Ujiji, anabembelezwa akubali kuwa mgeni!

Mwanawe Agape alipomtafuta ufukweni bila kumwona, akakimbilia kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Oswald. Mzee akaulizia malori ya wakimbizi yanakopeleka watu, akadandia gari la chumvi liendalo huko, akamkuta amekaa chini kwenye foleni, akamdhamini. Njia nzima ya kurudi alimfokea. Alimwambia kuanzia sasa asikanyage ufukweni bila kitu cha kumtambulisha, kwani siku nyingine wangempeleka mbali zaidi na pasingekuwa na mtu wa kumfuata. Kitu chenyewe Mama Agape alikuwa nacho kimoja tu, cheti cha ubatizo, karatasi iliyoanza kuchanika kwenye mikunjo. Akakifunga ndani ya mfuko wa nailoni.

Kesho yake nilimsindikiza. Aliingia majini taratibu, mkono mmoja juu, mfuko umening'inia vidoleni. Maji yalipomfika kifuani akasimama. Wimbi likaja, akaruka kulikwepa. Mkono ukachoka, akahamishia karatasi mkono wa pili. Kijana mwenye fulana nyeupe akachungulia kutoka hemani, Mama Agape haraka akamwinulia mfuko auone. Hakukaa sana, akatoka.

Tulipofika kwake nilimpikia uji, nikamuuliza kama leo ziwa limemtuliza. Alikuwa anafuta ule mfuko kwa pindo la kitenge, anaufuta tena na tena.

"Nilikuwa naangalia karatasi isilowe," alisema. "Ziwa sijaliona."