Nilichomwambia Mama Nilipotoka Kaskazini

Ziwa lilipopanda, lilianza na jiko la mama, likafuata choo, kisha likaingia chumbani. Nikamhamishia kwangu Buhongwa, ninakofundisha jiografia. Jirani yake wa miaka mingi, mjane mwenzake, alibaki. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo.

Pale ufukweni kwa mama nilikuwa nikipima kina cha maji na wanafunzi wangu, kwa mti tuliouchora alama. Vipimo vyetu viliwafikia watu wa mradi fulani, wakanialika kwenye mkutano wa mataifa huko kaskazini kabisa, ambako barafu inayeyuka. Ningezungumza dakika kumi.

"Waambie kila kitu," mama aliniagiza uwanja wa ndege. "Usione haya."

Sikusema hata neno. Siku yangu ilipofika, wajumbe wa nchi mbili kubwa walibishania tamko: liseme "tutapunguza moshi" au "tutajitahidi kupunguza"? Walibishana mchana kutwa, na sisi tuliobaki tukafutwa kwenye ratiba. Kando yangu alikaa mama mmoja mfugaji wa hukohuko, naye kafutwa. Kupitia mkalimani alinieleza kwamba barafu ya ziwa lao, waliyozoea kuivuka kila mwaka, ilipasuka chini ya mifugo. Kaka yake alizama akijaribu kuiokoa. Nikampa pole. Nilikuwa bado nimemshika mkono tulipoitwa kupigwa picha. Kwa sababu ya mavazi yetu ya asili tuliwekwa mbele, tukaambiwa tutabasamu. Nikatabasamu.

"Walisemaje?" mama aliuliza niliporudi nyumbani, hata sijaketi. Alikuwa amenipikia sato, na macho yake yaling'aa kama ya mtoto. Nikashindwa.

"Wamesikia, mama. Watakuja."

Jumapili hiyo, baada ya ibada, alikwenda kumpasha jirani yake habari. Watoto wa yule mjane walikuwa wamempatia chumba mjini. Akakataa kuhama. "Wageni wa mwalimu wakija wasinikute," alisema, "nani atawaonyesha maji yalipofika?"

Mvua za masika zilimkuta kwenye nyumba yake ileile. Ukuta uliolowa ulimwangukia asubuhi akikoroga uji, ukamvunja nyonga.

Mimi na mama tulikwenda kumwona hospitali.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwalimu. Wageni wako wanafika lini?"

Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda, akinitazama, akingoja kama yeye.

"Hawaji," nikasema. "Sikuzungumza kule. Hawakunipa nafasi."

Jirani aligeuzia uso wake ukutani. Mama alimfunika shuka vizuri, akachukua mkoba wake, akatoka. Nilipofika getini alikuwa ameshapanda bajaji.

Siku hizi anaishi kwa mdogo wangu, Igoma. Nikimpigia simu anapokea. Ananiuliza habari za watoto, habari za shule, kisha anasema chaji inakwisha.