Mguu Kabla ya Mikono

Mara ya kwanza kumwona mjukuu wangu akipiga mpira wa besiboli nilifurahi kwa sababu isiyo sahihi. Alikuwa amesimama kwenye uwanja wa shule yao, si mbali na nyumbani kwetu Area D, kofia ngumu juu ya hijabu, rungu la mbao mikononi. Msichana aliyekuwa akimrushia alipoutupa mpira, yeye aliliinua rungu juu ya bega akalishusha kwa nguvu zake zote, kama mtu anayepura mtama. Mpira ulikuwa umeshapita. Mimi nikamgeukia mama niliyekaa naye kwenye benchi nikamwambia, "Huyo ni wa kwetu kabisa. Fimbo nimemshikisha mimi."

Na ni kweli. Kabla sijahamia Dodoma kwa mwanangu, mtoto huyu alikuwa akiletwa kwangu Kondoa kila likizo ya katikati ya mwaka, wakati wa kupura. Kwetu milimani masuke yakikauka hutandazwa kwenye uga, na watu husimama safu mbili zinazotazamana, kila mtu na fimbo yake ndefu. Safu hii ikishusha, ile inainua. Sharti lake ni moja: usiinue yako mpaka ya mwenzako imeshuka. Anayewahi hugonganisha fimbo, na vidole vya watu huumia. Mtoto anayejua kungoja husifiwa, na mjukuu wangu alisifiwa sana.

Mazoezi yalipokwisha, kocha wao alikuja kunisalimu. Ni mwalimu kijana kutoka Kanda ya Ziwa, Mkristo, mpole, na ndiye aliyehangaika kutafuta kofia ngumu inayokaa vizuri juu ya hijabu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Namwona mwenzangu ana nguvu."

"Nguvu anazo, Bibi. Ila mpira unafika kabla yake."

Akanieleza kwamba timu ya wasichana ilikuwa inajiandaa kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya shule. Nafasi za wapigaji zilikuwa zimejaa isipokuwa moja, nayo iliwaniwa na wawili: mjukuu wangu na rafiki yake wanayekaa naye dawati moja. Angewajaribu kabla ya safari, aliyefaa zaidi achukuliwe.

Tulipokaribia geti la nyumbani, mtoto alisimama.

"Bibi, nisipokwenda mwaka huu ndiyo basi. Mwakani niko kidato cha nne. Baba ameshasema mwakani ni vitabu tu."

Nilimjua baba yake, maana nimemzaa mimi. Akisema hivyo, ndivyo.

Jumamosi iliyofuata alikuja kuniketia barazani na simu ya baba yake. Kocha alikuwa amempiga picha za video akiwa anapiga, akamtumia pamoja na za mpigaji mmoja wa ng'ambo, mtu mzima, ambaye kazi yake ni hiyo.

"Huyu ni wa kulipwa, Bibi. Mimi ni wa ridhaa. Kocha anasema nijilinganishe naye mpaka nione tofauti."

"Wa ridhaa maana yake nini?"

"Hatulipwi. Tunacheza kwa kupenda."

"Basi na mimi nimefundisha Qur'ani kwa ridhaa maisha yangu yote. Lete hapa."

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeondolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Tangu siku ile kila nikionacho, hata vumbi la Julai likipita uani, huwa naona nimepewa upya. Kwa hiyo nilitazama kwa hamu. Nilimtazama yule wa kulipwa akipiga, kisha mjukuu wangu, kisha yule tena. Mwanzoni sikuelewa anachosifiwa.

"Mbona huyu mvivu? Mikono yake imelala. Wewe unapiga kwa moyo."

"Bibi, huyo mpira wake umetoka nje ya uwanja."

Tukarudia kwa mwendo wa polepole. Bado niliona mikono tu. Ndipo nikakumbuka jinsi nilivyofundishwa kusoma. Sheikh wangu alikuwa akisema herufi utaisikia mdomoni, lakini usiitafute hapo, itafute ilikotoka. Kuna inayotoka ndani kabisa ya koo, kuna ya ncha ya ulimi, na mwanafunzi anayeiga mlio bila kujua chimbuko lake atakosea daima. Nami kwa miaka mingi nimewasahihisha wasichana kwa njia hiyo hiyo. Nikaweka kiganja juu ya kioo cha simu, nikaifunika mikono ya yule mtu na rungu lake, ikabaki miguu.

Nikaona. Mpira ungali mbali, yeye alikuwa ameshaunyanyua mguu wa mbele na kuuweka chini, taratibu kama mtu anayeingia msikitini watu wakiwa wanaswali. Kisigino kilipogusa ardhi, nyonga zikaanza kugeuka kumwelekea mrushaji. Nikasogeza kiganja juu kidogo. Mabega yalikuwa bado yamezuiliwa nyuma. Chini panageuka, juu panakataa, kama nguo inayokamuliwa. Kisha mabega yakafuata, na mikono ikaja mwisho kabisa, wakati kazi yote imeshafanyika. Kichwa hakikutikisika. Na rungu halikushuka kutoka juu. Lilipita karibu sambamba na ardhi, likipanda kidogo kuulaki mpira uliokuwa unashuka, kwa hiyo viwili hivyo vilikuwa kwenye njia moja kwa kitambo.

Nikamfunika na mjukuu wangu vilevile. Mguu wake ulikuwa haujainuka mpaka mrushaji amemaliza kabisa kurusha na mkono umeshuka. Hapo ndipo kila kitu kilianza kwa pamoja, mguu, kiuno, mabega, mikono, na rungu likaja kutoka juu likakata njia ya mpira mara moja tu. Akiwahi au akichelewa kidogo, hakuna kitu.

"Unamngoja amalize," nikamwambia.

"Nani?"

"Mrushaji. Unangoja mkono wake ushuke ndipo uinue wako. Mama, hapo hupo ugani."

Alitazama tena. Akatazama mara nyingine.

"Kumbe ni wewe uliyeniharibu, Bibi."

"Mimi nimekufundisha kupura. Huyo wako wa kulipwa angekuja kwetu na mguu wake huo wa kuwahi, angerudi kwao bila vidole."

Alicheka mpaka baba yake akachungulia dirishani.

Kocha alipoelezwa alishika kichwa. Alisema muda wote amekuwa akimwambia awahi, naye akawa anaharakisha mikono, na kadiri alivyoiharakisha ndivyo ilivyozidi kutangulia mwili. Sasa akampa maagizo mapya: mguu uende mapema na polepole, mikono ingoje.

Tukaanza mazoezi nyumbani. Kila baada ya Alasiri mimi nilikaa kwenye kigoda uani nikiwa na kikapu cha soksi zilizokunjwa mviringo, nikamrushia moja moja, na yeye akazipiga kwa mpini wa ufagio. Mwanangu alirudi kazini siku moja akatukuta, tai bado shingoni.

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi. Pita upande ule, usipigwe soksi."

Lakini uwanjani mambo yaliharibika. Mtu akiachishwa alichokizoea, kabla hajakishika kipya huwa hana hata kimoja. Nimeliona hilo kwa wanafunzi wengi: ukimrekebisha herufi moja, wiki nzima anasoma vibaya kuliko alivyokuja. Mjukuu wangu alikuwa akigusa mpira mara chache. Sasa akawa hagusi kabisa. Rafiki yake wa dawati, ambaye alikuwa na mikono miepesi na alipiga vizuri tu kwa mikono hiyo, akamtania mbele ya wenzao, "Mwenzangu, mguu huo ni wa kupiga mpira au wa kuingilia ngomani?"

Alirudi nyumbani amefura.

"Bibi, nirudie kile cha zamani? Mpaka jaribio lipite tu. Kile angalau nagusa."

Nilijua kipya ni bora, lakini sikujua kama kitakomaa kabla ya siku yenyewe, na nafasi iliyokuwa inapotea ilikuwa yake, si yangu.

"Sijui, mke mwenzangu," nikamwambia. "Kaswali, kisha uamue mwenyewe. Utakachoamua nitakurushia soksi."

Alipotoka kuswali alichukua mpini wa ufagio, akausogeza mguu wa mbele polepole, akauweka chini. Mimi nikavuta kikapu cha soksi.

Siku ya jaribio upepo ulikuwa mkali, ule wetu wa Dodoma wa msimu wa baridi unaokupa mchanga wa kutafuna. Nilijifunga khanga mbili nikakaa. Kocha alianza kwa kuwarushia mwenyewe, mipira ya kawaida, ya polepole. Rafiki wa mjukuu wangu akatangulia, akapiga vizuri, mipira ikaruka juu ya vichwa vya wenzao, wakampigia makofi. Nami nilimpigia, maana alistahili.

Kisha akaingia wetu. Mguu ukaenda mapema, kiuno kikageuka, rungu likapita, na mpira ulikuwa bado haujafika. Watu wakacheka. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Alikuwa amejifunza kuwahi, na sasa aliwahi mno. Akanitupia jicho kule benchini. Nilijua anachotaka kuniuliza, nikainamisha kichwa nikashika tasbihi, kwa sababu lingekuwa jambo baya kumjibu.

Hakubadilisha kitu. Alikosa mpaka zamu yake ikaisha.

Nilishaanza kutafuta maneno ya kumwambia njiani. Lakini kocha alikuwa hajamaliza. Alimwita kijana mmoja wa chuo kikuu, mrefu, anayerushia timu ya wanaume, akamkabidhi mpira. "Huko Dar kuna msichana anayerusha karibu kama huyu," akawaambia wasichana wote wawili. "Nataka kuwaona kwa mipira yake."

Mpira wa kwanza wa kijana yule ulipita na mlio. Rafiki wa mjukuu wangu, aliyetangulia tena, alikuwa hajaanza hata kupiga. Akajitahidi, akaharakisha mikono, akachelewa. Akajitahidi tena, akachelewa tena. Mikono yake miepesi ilikuwa ileile, ila muda wa kuitumia ulikuwa umeondolewa. Alitoka uwanjani huku akitikisa kichwa, akamkabidhi mjukuu wangu rungu.

Wa kwanza alikosa. Wa pili aliukwaruza, ukaenda pembeni. Wa tatu, mguu wake ulikuwa umeshatulia chini wakati kijana yule anauachia mpira, na kiuno kikazunguka huku mabega yakikataa. Nilisikia mlio ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwenye rungu lake. Mpira ulikwenda chini chini, haukupaa, ukapita katikati ya wachezaji wote mpaka kwenye ua wa michongoma. Aliugusa tena vizuri baadaye, na mwingine akaukosa. Hakuna aliyehesabu. Kocha alikuwa ameshakunja mikono.

Akamwita. Mimi nilikuwa nimesogea, nikasikia.

"Wewe ndiye utakayekwenda. Lakini mipira ya polepole huijui kabisa, na huko wakikugundua watakurushia hiyo hiyo. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu tunaanza nayo."

"Sawa, mwalimu."

Rafiki yake alisimama kando kidogo, machozi yakimlengalenga. Kisha akaja akampiga begani. "Nenda bwana. Ila ukirudi unifundishe huo mguu wa ngomani."

"Nitakufundisha Jumatatu. Kwa nini mpaka nirudi?"

Alasiri ilikuwa imeingia. Tuliswali kwenye msikiti ulio njiani, na baada ya salamu nikasujudu sijida ya shukrani, nikachelewa kuinuka kwa sababu ya magoti. Alinikuta mlangoni nikitafuta viatu vyangu, akaniinamia akanivisha.

"Bibi, ulikuwa unaomba nini pale uwanjani? Nilikuona na tasbihi."

"Niliomba uupige mmoja."

"Mmoja tu?"

"Nilipoomba ulikuwa unakosa yote. Niliona haya kuomba mingi."

"Mwenyezi Mungu si ana mingi?"

"Anayo."

"Basi nikiwa Dar omba vizuri," akasema, akanishika mkono tukavuka barabara.