Karela ya mama ilivyomwangusha mbele ya wakwe

Wakuu, niaje. Hii ni ya kwetu mtaa wa Tena, miaka ya tisini, na sijaitia chumvi. Mama mwenyewe ameniruhusu, tena alianza kucheka kabla sijamaliza kuomba.

Mama alikuwa mtu wa mwili. Dada yangu Mueni akiwa karibu kuolewa, kliniki wakamwambia mama ana sukari. Akapewa tembe, akaambiwa apunguze uzito.

Chapati zikapigwa marufuku nyumba nzima. Sisi tulikosea wapi, sijui.

Rafiki yake, Mama Asha wa Majengo, akamwambia kwao wenye sukari hula karela, ile mboga ya kijani yenye vinundu, chungu kuliko kwinini.

Mama hakutaka kuila. Aliiponda, akaikamua, akawa anakunywa maji yake kila asubuhi. Jicho moja linafunga, mguu unapiga sakafu, halafu anasema, "Bwana asifiwe."

Na wakuu, mwili ukaanza kupungua! Fundi akarudishiwa gauni la mama la kuvaa harusini alibane. Mama akawa hapiti kioo bila kugeuka. Akina mama wa ploti wakaona, wakaanza pia. Asubuhi ungedhani ploti nzima imeng'atwa na nyuki.

Sasa, siku ya wakwe kuja.

Mama alikuwa mbio tangu alfajiri. Karela alikunywa, tembe akameza, chakula akasahau.

Wageni wameketi, baba mkwe wa Mueni, mzee mzito wa Kakamega, anaongea mambo ya maana. Mama akaanza kucheka peke yake. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Akamwita yule mzee "mpenzi".

Baba yangu alikohoa. Kabla hatujajua tutaficha wapi nyuso, mama akalegea kwa kiti.

Mjomba akaanza kukemea mapepo. Mueni analia, anaona harusi imeisha. Mimi nikajua mama ameenda.

Mama Asha, aliyekuja kusaidia kupika na ambaye mumewe alikuwa na sukari, akatoka jikoni, akamgusa shingo, ilikuwa na jasho baridi.

"Sukari imeshuka. Leteni soda haraka, bado anaweza kumeza."

Akanyweshwa polepole. Baadaye akafungua macho vizuri, akauliza kama wageni wamekula. Nilicheka na kulia pamoja.

Kliniki, daktari akaeleza kwamba karela nayo hushusha sukari. Ikijumlishwa na tembe, na tumbo tupu, sukari ikashuka kupita kiasi. Akamwambia tembe asiache, maji ya karela aache, akiitaka aile kidogo kama mboga, na awe anapimwa.

Harusi ikawa. Mama alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akaendelea pekupeku, baba mkwe anampigia makofi.

Nilichojifunza: mmea wenye nguvu ya kusaidia una nguvu ya kuangusha pia. Daktari akikuuliza unatumia dawa gani, mtajie hata za sufuria.

Haya, semeni ukweli. Kwenu mlinyweshwa nini, na nani alianguka?