Gari Nililolikodi Kwenda Tabora

Nilikodi gari la kwenda Tabora, na gari hilo likafika Tabora bila gurudumu lake hata moja kukanyaga barabara ya huko. Sikutapeliwa. Nililikodi mwenyewe, kwa akili timamu, na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa salama sandukuni, kisha nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda bado ni wilaya ya Mkoa wa Rukwa, nami nilikuwa fundi redio. Kazi hiyo sikuichagua kwa kupenda nyaya. Niliichagua kwa sababu inafanyikia kibarazani. Wenzangu walikwenda kuitafuta dunia. Mimi dunia ilinifuata yenyewe, imeharibika, inakoroma, nikaifungua kwa bisibisi huku nimevaa kandambili. Safari yangu ndefu ilikuwa kwenda Usevya kumwona mama, na hata huko nilianza kuulizia gari la kurudi kabla sijamaliza uji.

Mke wangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Mwaka huo mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mgongoni tangu akiwa mchanga, alikuwa anaolewa Jumamosi ya baada ya Pasaka. Harusi ya mdogo wake mwingine tulishaikosa. Tulikuwa tayari stesheni siku ile, mara nikakumbuka kwamba sikufunga banda la kuku. Nikarudi mbio kulifunga, nikalikuta limefungwa, na treni nayo nikaikuta imekwenda. Kwa hiyo safari hii mke wangu aliweka sharti mapema, tukiwa tunakula.

"Baba watoto, nisikilize vizuri. Tukiikosa na hii, nitakwenda kwa mama peke yangu kuomba radhi, na siku ya kurudi siijui. Hao kuku wako watakupikia."

Nilimeza tonge bila kutafuna. Watoto tungewaacha kwa dada yangu, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa twende kwa gari au kwa treni.

Mimi nilikuwa upande wa gari. Gari, nilimweleza mke wangu kwa utulivu wa msomi, linakuchukua mlangoni kwako. Ukitaka kusimama linasimama. Ukikumbuka kitu linageuza. Lina mlango, lina dirisha, lina kiti chako ambacho hakuna mtu atakayekuja kukuomba usogee. Ni sebule yenye magurudumu.

"Ndiyo maana silitaki," akasema. "Linageuza. Treni haigeuzi hata ukilia."

"Lakini treni imejaa watu."

"Sasa ulitaka ijae nini? Watu ndio safari yenyewe. Unakula karanga za huyu, unasikia mambo ya yule, mpaka mnafika hujui hata umefikaje. Halafu masika hii, baba watoto, barabara ya Tabora ya kupitia Inyonga si imekuwa mto?"

Hapo nikatoa turufu yangu. Kulikuwa na tajiri mmoja wa mpunga aliyekuwa na Landrova ya kijani, na dereva wake alikuwa amenipa uhakika mchana ule ule. "Alhamisi gari linakwenda Tabora," aliniambia. "Mbele pana nafasi ya watu wawili, mizigo nyuma." Nilimhoji vizuri sana yule dereva. Nilimwuliza kama kiti kina sponji. Nilimwuliza kama kioo cha dirisha kinapanda. Linapita wapi, sikumwuliza, maana gari litapita wapi kama si barabarani?

Mke wangu akaanza kukusanya sahani. "Haya," akasema. "Gari lako. Ila Jumamosi niwe kanisani."

Alhamisi Landrova ikaja mlangoni kama nilivyoahidi. Tukapakia gunia la mchele wa Usevya, zawadi ya mama yangu kwa bibi harusi, na jogoo wawili kwenye tenga. Mimi nikaongeza mto wangu wa kulalia, maana shingo yangu haijawahi kuelewana na mto wa kigeni. Majirani walitoka kutuaga. Nikawapungia mkono kupitia dirishani, taratibu, kama mtu aliyezaliwa ndani ya gari.

Hatukwenda mbali. Landrova ilipita sokoni, ikakata kona, ikaelekea stesheni.

"Dereva, umepotea," nikamwambia. "Njia ya Inyonga si huku."

"Inyonga? Masika hii?" Alinigeukia kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi. "Mzee, wewe kweli ni wa hapa hapa? Magari yote mvua ikichanganya yanapanda treni."

Na kweli lilipanda. Wafanyakazi wa reli waliegesha mbao nene, Landrova ikanguruma ikapanda juu ya behewa la wazi, wakaifunga kwa minyororo na kuweka magogo chini ya matairi. Nyuma ya behewa letu yalikuwepo mengine ya mizigo, na mbele yake mabogi ya abiria. Mji mzima ulijua jambo hili. Mtoto wa miaka sita angeweza kuniambia. Lakini mimi stesheni nilikuwa nimefika mara chache tu, na mara zote nilikuwa naangalia upande wa nyumbani.

Mke wangu aliitazama Landrova. Akanitazama mimi. Kisha akakaa juu ya gunia la mchele akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Hongera, baba watoto," akasema alipopata pumzi. "Wewe umepata gari, mimi nimepata treni. Ndoa imepona."

Dereva alitukabidhi funguo na kwenda kukaa kwenye bogi la abiria. Alisema gari hilo amelichoka, anataka kukaa na watu. Mkuu wa treni akaturuhusu tukae ndani ya Landrova kama walinzi wa mali, mradi tusishuke ikiwa mwendoni. Basi tukaondoka Mpanda hivyo, mimi nimeshika usukani, mke wangu pembeni, jogoo nyuma.

Nisiwe mnafiki: sijawahi kusafiri vizuri vile. Tulikuwa juu kuliko kila mtu. Miti ya miombo ilipita pande zote mbili, majani mabichi yanang'aa, na harufu ya udongo uliolowa ikatujaa puani. Kwenye stesheni ya Katumba, wauza ndizi walipotuona walisahau biashara. Watoto wakakimbia sambamba na behewa wakipiga kelele, "Dereva! Piga honi!" Nikapiga. Mke wangu akapiga vigelegele. "Kanyaga mafuta, mume wangu, mbele pana nafasi, ovateki!" Mvua ilipokuja nikawasha waipa, si kwa sababu ninahitaji kuona njia, ila dereva mzuri huwasha waipa. Mto Ugalla ulikuwa umejaa hadi kwenye majani. Tulipokuwa juu ya daraja, mke wangu aliegemea bega langu akaanza kuimba wimbo wa harusi wa kwao, na mimi, ambaye siku zote huimba ndani ya koo, nikamwitikia kwa sauti.

Tukaingia Kaliua jua linazama. Pale reli yetu inakutana na ile ya Kigoma. Tukasikia vishindo, behewa likatikisika, kisha akatokea mfanyakazi mmoja wa reli mwenye bendera iliyokunjwa kwapani.

"Nyie wa kwenye gari, hili behewa linakatwa hapa. Litasubiri treni ya mizigo."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Jumapili, ikija mapema."

Mke wangu alikuwa ameshashuka, tenga la jogoo mkononi, anayatazama mabogi ya abiria ambayo yalikuwa yanasogezwa yaungwe na treni inayotoka Kigoma. Watu walikuwa wamejaa hadi milangoni. Mimi bado nilikuwa nimeshika usukani. Kiti kilikuwa na sponji. Kioo kilikuwa kinapanda. Nikafikiri, labda yeye atangulie, mimi nilinde mali, na mchele, na...

"Unabaki?" akauliza. Hakupaza sauti. Nilimwona macho yanaanza kujaa, na vicheko vyote vya njiani vimemtoka usoni. Mdogo aliyembeba mgongoni angesimama mbele ya padri kesho kutwa.

Niliuachia usukani. Nikatupa funguo kwa dereva, aliyekuwa anakuja kulitazama gari lake, nikajitwisha gunia la mchele kichwani, nikakimbia. Kandambili moja ilibaki kwenye kokoto za Kaliua na sikuirudia. Mto wangu niliukumbuka nikiwa tayari nimesukumwa ndani kupitia dirisha la daraja la tatu na mikono ya watu nisiowajua, gunia likitangulia, mimi nikifuata.

"Si ndio wale wa kwenye gari hawa?" mama mmoja akauliza.

"Ndio wenyewe!"

Bogi zima likacheka. Tayari tulikuwa watu maarufu. Mtu akasogea nikakalia nusu ya kiti, mke wangu akakalia mchele, viazi vitamu vikapita kutoka mkono hadi mkono. Mzee mmoja alinisimulia mizinga yake ya nyuki mmoja baada ya mwingine, nami nikausikiliza kila mmoja kwa raha, mpaka asubuhi tukaamka Tabora na shingo yangu haikuwa na malalamiko.

Jumamosi mke wangu alikuwa kanisani, mstari wa mbele. Bibi harusi alipomwona aliacha kutembea kama maharusi wanavyofundishwa, akamkimbilia, shela ikiburutika, wakashikana wakacheka na kulia mpaka padri akakohoa. Mchele wa Usevya ulipikwa pilau. Nilipokwenda kumwamkia mama mkwe, aliniuliza kwa heshima zote, "Mkwe wangu, tulisikia mnakuja na gari. Liko wapi?"

"Linakuja, mama."

"Peke yake?"

Liliwasili baada ya sherehe kwisha. Mto wangu ulikuwa kwenye kiti cha mbele, umepumzika kuliko mimi. Tulirudi Mpanda kwa treni, na nilikuwa wa kwanza kudai kiti cha dirishani.

Jioni ya kurudi nilikaa kibarazani na jirani yetu, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na mifugo yake. Nikaanza kumsimulia, nikiwa nimejiegemeza vizuri: jinsi sisi tulivyokwenda kwa gari letu la kukodi, jinsi tulivyovuka Ugalla, honi, waipa, upepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema kijiti cha meno, akasema:

"Jirani, ng'ombe zangu nao walikuja Mpanda juu ya behewa, lakini hakuna hata mmoja aliyejisifu kwamba amekodi gari."