Maji ya Saa Sita

Hii ya Lodwar sijawahi kuisimulia mahali penye mtu wa Turkana, na mkiniona nafungua mdomo leo ni kwa sababu nimeshazunguka hapa nikiulizia makwao kama karani wa sensa, nikahakikisha hakuna hata mmoja. Aibu yake bado mbichi. Kuna mahali mtacheka, najua, hata mimi hapo hucheka, lakini mkifika mwisho mtaninyamazia kama walivyoninyamazia wale.

Mnanijua, mimi ni mtu wa miguu isiyotulia. Tangu nimalize Form Four kule Voi sijakaa mahali miaka mitatu ikaisha: nimevuta nyaya Magadi, nimevuta Mumias, nimevuta Garissa, na kokote nikifika huanza kuota nilikotoka, na nikishaondoka ndipo naanza kupapenda nilipokuwa (mke wangu wa kwanza alisema angekuwa kituo cha umeme ningemkumbuka zaidi, na hakukosea). Basi mwaka 2012, mwaka ule kila mtu Turkana alikuwa akizungumzia mafuta yaliyopatikana, mimi nilikuwa huko kwa habari ya maji. Kontrakta mmoja alikuwa amepewa kazi ya kubadilisha umeme wote kwenye kituo cha kusafishia maji ya mji wa Lodwar, kando ya mto: kung'oa bodi ya zamani ya swichi, ambayo mijusi walishaifanya nyumba, kuweka mpya, na kuvuta kebo mpya hadi kwenye ile pampu kubwa inayosukuma maji safi yakapanda kwenye tangi la kilimani. Tangi hilo ndilo hunywesha mji. Ilitangazwa makanisani na sokoni kwamba maji yatafungwa Jumatano asubuhi, na Alhamisi saa sita mchana yatarudi.

Nilikuwa nimepanga chumba upande wa Nawoitorong, kwa mama mmoja tuliyemwita Mama Nakiru. Alikuwa na bomba lake uani, na wiki hiyo alikuwa na msiba. Mama yake mzazi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemtoa Lokitaung akamleta karibu na hospitali, alikuwa amefariki, na mazishi yalipangwa Ijumaa, pale pale kwenye kiwanja chake. Ukoo wote ungeshuka kutoka Lokitaung kwa lori. Na ukoo huo, nilivyokuja kuelewa, ulikuwa ukimsema miaka na miaka kwamba mji umemla, kwamba alimchukua mama wa watu akaenda kumfungia kwenye nyumba ya mabati, na kwamba hata mgeni hajui kumpokea.

Jumatano alfajiri nikitoka kwenda kazini akanisimamisha mlangoni.

"Fundi, hiyo maji kweli itarudi kesho?"

"Kesho saa sita, Mama."

"Usiniambie ya kunifurahisha. Wale wakikuja, sitaki hata mama mmoja wa Lokitaung ashike mtungi kwangu. Wakae, wanawe mikono, wapewe chai. Hiyo tu ndiyo nataka. Kama maji haiko, nitume watu mtoni leo, wachimbe mchangani, nijaze mapipa."

"Mama, hiyo niachie mimi," nikasema. (Mtu yeyote akikuambia hiyo niachie mimi, chukua mtungi wako ukimbie.)

Sasa sikilizeni kosa lilivyo dogo. Kabla ya kukata nyaya za zamani, fundi hufunga kila waya kwa tepu na kuuandika, huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu, kwa sababu mota kubwa kama ile hula nyaya tatu, na ukibadilishana mbili tu inazunguka kinyume. Nyaya zenyewe zilikuwa kuukuu, zote zimekuwa rangi ya moshi, huwezi kutofautisha. Na tepu yangu ilikuwa imeisha. Duka lilikuwa mjini, mwendo wa nusu saa kwa mguu, na jua la Lodwar mnalisikia tu, hamjalibeba kichwani. Nikatazama zile nyaya tatu, nikajiambia, mimi bado nakumbuka majina ya darasa langu zima la Form Two pamoja na ya baba zao, nitashindwa na nyaya tatu? Nikakata.

Mlinda pampu pale kituoni alikuwa Ekal, mwanamume wa umri kama wangu, mrefu, mtafunaji wa tumbako, aliyeishi na ile pampu miaka mingi hata akawa anaizungumzia kama mtu anavyozungumzia ngamia wake. Alinitazama nikikata.

"Umeziwekea alama?"

"Ziko kichwani."

"Ejok," akasema, yaani vizuri, lakini alilitema lile neno pamoja na tumbako.

Alhamisi saa nne na nusu nikawa nimemaliza. Bodi mpya inang'aa, taa za kijani zinawaka kama Krismasi, nikabonyeza, pampu ikanguruma, mshale wa kipimo cha umeme ukapanda ukakaa mahali pake. Injinia wa yule kontrakta, ambaye alikuwa Eldoret akisubiri habari, nikampigia nikamwambia kazi imekwisha. Akaniambia kama imekwisha basi niruke Kakuma, kuna pampu nyingine inaningoja. Na hapo ndugu zangu miguu ikaanza kuwasha, kwa sababu malori ya Kakuma yaliondoka saa tano na askari wa kuyasindikiza, na msafara ukiondoka haumngoji mtu. Ningengoja saa moja tu, ile saa ambayo maji huchukua kupanda hadi tangini, ningejua. Ningeinama tu chini nikatazama feni ya mota inazunguka upande gani, ningejua. Geji ya presha ilikuwa imekufa na mpya haijaletwa, lakini macho yangu yalikuwa hai.

Ekal aliweka kiganja kwenye bomba kubwa linalotoka kwenye pampu, akakiacha pale, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Fundi. Hii sauti si yake."

"Ni umeme mpya, Ekal. Ilizoea ule mbovu."

"Na bomba iko na joto. Maji ikipita, bomba inakuwa baridi. Hii inapika tu."

"Wewe unapima kwa mkono, mimi napima kwa mashine," nikamwambia, na nikacheka, na hicho kicheko ndicho ninachokisikia hadi leo nikikaa peke yangu.

Nikakimbia Nawoitorong kuchukua begi. Uani nikawakuta wanawake wawili, majirani, wameshajitwika mitungi mitupu kichwani wanaelekea mtoni, na Mama Nakiru anawafungulia lango. Akanitazama tu, hakuuliza kwa mdomo.

"Mama, warudishe. Pampu inanguruma sasa hivi. Maji yako njiani, saa sita hii hii, fungua bomba."

"Umeyaona?"

"Nimeyaona," nikasema.

Sikuwa nimeyaona. Sikuwa nimeona hata tone. Akawageukia wale wanawake akawaambia kwa Kiturkana waweke mitungi chini, nao wakaiweka kwa furaha, na mmoja wao akanipigia makofi. Nikaondoka napunga mkono kama mbunge.

Jioni hiyo Kakuma, nikiwa bado na vumbi la barabara kwenye kope, nikakaa kwenye kambi ya wakimbizi kwa mama mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza chai nzito yenye tangawizi, na kwa kuwa sina dogo nikaanza kuwasimulia wateja wake jinsi nilivyoiamsha Lodwar. Nikawaambia mji mzima unaoga mara mbili leo. Fundi cherehani mmoja Mkongomani akatikisa kichwa kwa heshima: "Kumbe weye njo mukubwa ya maji!" Nikakubali. Nikaagiza chai ya pili. Ndipo simu ikalia, Injinia, na sauti yake mnaweza kuisikia hata mkiwa meza ya tatu.

"Wewe uko wapi?"

"Kakuma, bosi."

"Lodwar haina tone la maji! Mlinda pampu ameizima, anasema ingeungua! Umefunga nini wewe?"

Nilifumba macho nikaziona zile nyaya tatu za rangi ya moshi, na kwa mara ya kwanza nikakubali kwamba sizikumbuki, kwamba sikuwahi kuzikumbuka, na pampu ilikuwa inazunguka kinyume tangu asubuhi, inasukuma maji kwa nguvu ya mtu anayepuliza uji.

"Kwes?" yule mama wa chai akaniuliza, kwamba ni salama.

"Si kwes," nikasema.

"Basi chai ya pili ni bure," akasema. "Mukubwa ya maji leo amekauka." Wateja wakacheka hadi yule Mkongomani akashika mbavu.

Lakini mimi nilikuwa nikihesabu kitu kingine. Lori la Lokitaung lilikuwa limefika saa hizo. Nikampigia Mama Nakiru, simu ikaita, ikaita, haikushikwa.

Msafara wa kurudi ulikuwa Ijumaa asubuhi. Nilishuka Lodwar karibu saa tano, na bahati yangu ilivyo, lori lilisimama mkabala na kioski cha maji, ambapo mitungi ya njano ilikuwa imepangwa kutoka kioskini hadi barabarani, na wenyewe wamekaa kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Mmoja wa wale wanawake wawili wa jana alikuwa hapo. Akasimama.

"Ndiye huyo! Ndiye Saa Sita!"

"Saa Sita, ejoka?" wengine wakadakia, yaani hujambo. "Saa sita ya wapi, ya Voi?"

"Mwacheni, saa yake imekufa betri!"

Nikapita katikati yao na begi langu, na mtu akanigongea mtungi mtupu kama ngoma, kisha mwingine, kisha wote, na nikatembea hivyo, napigiwa ngoma, hadi nikapinda kona.

Kituoni Ekal hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinifungulia mlango wa chumba cha bodi, nikabadilisha waya wa kwanza na wa tatu, kazi ya dakika kumi, nikawasha. Alishika mkono wangu (mkono wangu mimi, fundi, kama mtoto wa nasari) akauweka juu ya lile bomba. Lilikuwa vuguvugu. Halafu polepole likaanza kupoa chini ya kiganja changu.

"Sasa kaa," akasema. "Leo huna lori."

Tukakaa saa nzima, tukapanda mlimani, tukachungulia tangi, na maji yalikuwa yanaingia. Ningeishia hapo, mkasa ungekuwa wa kuchekesha. Lakini nilitaka kumwambia Mama Nakiru kwa mdomo wangu, na ukweli ni kwamba nilitaka pia anisamehe haraka, nilale vizuri. Nikateremka mbio hadi Nawoitorong.

Uani palijaa. Wanaume kwenye viti vya kukodi, akina mama chini wamevaa shanga zao, mhubiri anaomba, watu wote vichwa vimeinama. Kando ya ukuta kulikuwa na mitungi na masufuria ya maji ya kahawia, maji ya kuchimbwa. Nikanyata hadi kwenye bomba. Nilitaka kuhakikisha kwanza, mjue, nisije nikaahidi tena hewa. Nikafungua kidogo tu.

Bomba lililokaa siku mbili bila maji lina hewa tumboni. Lile bomba lilipiga mayowe. Lilikohoa, likapiga filimbi, likatetemeka ukutani, mhubiri akanyamaza katikati ya sala, vichwa vyote vikainuka na kunigeukia, na ndipo likatapika tope la kutu likamrukia bibi kizee mmoja mapajani, ambaye baadaye nilijua ni dada wa marehemu.

"Mama," nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti iliyotoka kama ya lile bomba, "maji yamekuja."

Mama Nakiru akainuka. Alikuja taratibu, akaweka mkono juu ya wangu, akalifunga.

"Tumeshazika," akasema.

Yule bibi akafuta tope kwenye nguo yake na kusema jambo kwa Kiturkana, watu wachache wakacheka kicheko kifupi. Nikamwomba kijana mmoja mwalimu anitafsirie, naye hakutaka, nikamsihi.

"Anakushukuru. Anasema alidhani akija mjini atakosa kazi. Kumbe ulimwekea. Walichimba tangu alfajiri, yeye na wageni wenzake."

Ningeondoka, lakini kwenye matanga huwezi kuondoka bila kupewa kitu, na Mama Nakiru akanipa kiti, tena kile cha mbele, na chai. Ilikuwa chai ya yale maji. Nikainywa wakinitazama wote, hakuna aliyesema neno, na chini kabisa ya kikombe palikuwa na mchanga wa mto, nikaunywa nao, kwa sababu kuumwaga mbele ya yule bibi nisingeweza.

Kesho yake nilihama kile chumba. Hakunifukuza, alinisaidia hata kufunga begi, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nimepita miji mingi tangu hapo, na yote naitamani kurudi isipokuwa huo, ambao naukumbuka kuliko yote. Tepu sikosi tena, natembea na tatu mfukoni. Siondoki kazini hadi nishike bomba kwa mkono wangu. Na mama yeyote akinisimamisha mlangoni kuniuliza maji yatarudi saa ngapi, hata kama nimeshawasha, hata kama nayasikia yakipita chini ya miguu yangu, namjibu: "Sijui, Mama. Tuma watu mtoni."